Atachimenti ya mazingira: ofisini, Watamu, Lamu ama kwa laptopu?

Juzi mtoto wa mamangu mdogo alinijia nyumbani hapa Maweni na bahasha mbili, namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya risiti ya supamaketi na laptopu ya kuazima. Yuko mwaka wa tatu, anasoma sayansi ya mazingira, akavimwaga vyote mkekani akaniambia kaka nichagulie pa kufanyia atachimenti, yale mafunzo ya kazi ya chuo, mimi nimechoka. Bahasha ya kwanza ni ya ofisi ya serikali hapa Malindi, ya pili shirika moja la uhifadhi Watamu, ile namba ni ya mjomba wa rafikiye aliyeko Lamu ambaye ati anajuana na watu wa mikoko, na laptopu ni kwa sababu lekchara wao amewaambia atakayekosa nafasi afanye mradi wa picha za satelaiti nyumbani kwao na utahesabiwa vilevile. Nikamwambia nipe siku mbili. Siku mbili zikawa wiki, manake nilianza kuandika kwenye simu nikaona kumbe maneno ni mengi, na swali lenyewe si lake peke yake, kila mwaka ikifika mwezi wa tatu, wa nne, vijana wa hapa wanaulizana hivihivi.

Kwanza niseme nilikoumia ili mjue naegemea wapi. Mimi yangu nilifanya kwenye ofisi moja, siitaji jina. Wiki kumi. Saba katika hizo nilikuwa napiga fotokopi, napandisha mafaili, nateremsha mafaili, nanunua mahamri ya saa nne, na kwenye logibuku naandika "nimeshiriki ukaguzi" wakati ukaguzi wenyewe nilibaki ndani ya gari nalinda mikoba ya watu. Barua niliyopewa mwisho ilikuwa na muhuri mzuri kweli. Intavyuu ya kwanza nikaulizwa, wewe umewahi kupima nini kwa mkono wako? Nikatazama dari. Kwa hivyo tangu siku hiyo mtu akiniuliza aende wapi namuuliza mimi kwanza: ukitoka huko utakuwa na namba zako mwenyewe? Yaani daftari lenye vipimo ulivyochukua wewe, siku fulani, mahali fulani, ambavyo unaweza kuvitetea mtu akikubishia. Nafasi zote nne nimezipima kwa swali hilo na ndio maana huenda nimeionea ofisi kidogo, nisameheni.

Kabla ya mahali kuna kalenda, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Vyuo vingi huwatoa watu mwezi wa tano mpaka wa nane. Huo ni wakati wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka, mawimbi makubwa nje ya mwamba, maji hayaonekani ndani, wazamiaji wa Watamu wenyewe wakati huo wengi wamekaa bara wanapaka mashua rangi. Sasa kuna kijana anaandika proposo nzuri sana ya kuhesabu matumbawe, ameisoma habari ya mwaka 1998 bahari ilipopata joto matumbawe yakapauka na mengi yakafa, anataka kuona yamerudi kiasi gani, anafika mwezi wa sita na kioo chake cha kuzamia anakuta haoni hata vidole vyake. Wiki tatu anasubiri bahari itulie. Matumbawe ni kazi ya kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na mmoja hivi mpaka wa tatu, na chuo wakati huo kimekufungia darasani na mitihani.

Ndege vilevile. Mida, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, inasifika kwa ndege wa pwani wanaotoka Ulaya na Asia, lakini hao huanza kufika mwezi wa nane, wa tisa, na wa nne wengi wameshaondoka. Ukija mwezi wa sita unakuta wachache waliobaki, wengi ni wale wadogo ambao hawajawa tayari kwenda kuzaa. Kasa nao ni kinyume, kilele cha kutaga kwa upande wetu huu kinaangukia palepale penye likizo yenu, na mikoko haina msimu, ipo tu, inachotaka ni uijue bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapotoka kidogo. Basi hapo tu, kabla sijagusa bahasha yoyote, nilishamwambia mambo ya matumbawe na ndege wahamaji ayaondoe kichwani.

Tuanze na ofisi, niwe mwadilifu. Ofisi ina kitu ambacho huwezi kukipata Watamu wala Lamu, nacho ni mafaili. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, na kwa sheria hiyo mradi wenye athari, hoteli, kiwanda, machimbo, shamba la chumvi, lazima upelekewe ripoti ya tathmini kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Ripoti hizo ziko ofisini zimepangwa. Mwanafunzi mwenye akili anaomba kusoma tatu, nne, anazilinganisha, hii wamehoji wananchi wangapi, ile mbona imenakili mpaka jina la mto usiokuwepo, halafu anaomba gari ikitoka naye atoke, aende akaone mahali penyewe. Huyo atajifunza vitu ambavyo mimi nilivijua baada ya miaka mitano. Kama ndoto yako ni kuwa mtaalamu wa tathmini mwenye leseni, hiyo ndiyo njia, na barua ya ofisi inafungua milango, hilo sibishi.

Tatizo ni kwamba hayo yote yanategemea ofisa utakayemkuta, na gari kama ina mafuta. Kwa hivyo usiende kupeleka barua na kurudi nyumbani kusubiri. Nenda mwenyewe, salimia watu vizuri, uliza kwa adabu kabisa: mheshimiwa, wiki huwa mnatoka mara ngapi, na mwanafunzi huruhusiwa kutoka nanyi? Akikujibu utakuja kuona, wewe umeshaona. Ofisi za utafiti ziko tofauti kidogo, KEFRI wana kituo Gede kinachoshughulika na miti, KMFRI, wale wa utafiti wa bahari, makao yao Mombasa wana maabara na wana Gazi kule Kwale, huko utapima vitu kweli, lakini foleni yake ni ndefu na barua yako inatakiwa ifike mapema sana, sio wiki mbili kabla.

Haya, Watamu. Hapa sasa lazima nigawanye kwa sababu watu wanasema "Watamu" kama ni kitu kimoja.

Kuna watu wa kasa, Local Ocean Conservation, ambao mwanzo wao ni 1997 walipoanza kama kikundi cha kulinda viota. Kazi zao kubwa mbili mwanafunzi anaweza kuingia nazo moja kwa moja. Ya usiku ni doria ya ufuoni, mnatembea gizani mkitafuta alama za kasa aliyepanda kutaga, na kiota kikiwa mahali ambapo maji yatakifikia kinahamishwa. Ya mchana ni simu kutoka kwa wavuvi: mvuvi wavu wake umenasa kasa, badala ya kumchinja anapiga simu, timu inakwenda, kasa anapimwa urefu na upana wa gamba, anavishwa kibati cha namba kama hana, anaangaliwa majeraha, anarudishwa majini, na mvuvi anafidiwa kidogo kwa usumbufu wake. Ona hiyo ilivyo nzuri kwa mwanafunzi. Kila kasa mmoja ni mstari mmoja kwenye jedwali, tarehe, mahali, aina, vipimo, wavu wa aina gani. Ndani ya miezi mitatu una mistari ya kutosha kuandika kitu.

Na kuna kitu kuhusu viota ambacho mimi kinanifurahisha mpaka leo. Yai la kasa halijui litakuwa dume ama jike, mchanga ndio unaoamua. Mchanga ukiwa kwenye digrii 29 hivi wanatoka mchanganyiko, ukizidi joto wanatoka majike wengi, ukipoa madume. Mayai hukaa chini kama miezi miwili. Kwa hivyo ukifika mwanzoni mwa mwezi wa tano ukaona kiota kikitagwa usiku ule, kabla hujarudi chuo utaona watoto wanatoka kwenye kiota hichohicho, na ukiwa umezika kipima joto kidogo kando yake una mradi mzima kuhusu tabianchi bila kwenda Antaktika. Ruhusa omba kwanza, kiota si chako. Kasa analindwa na sheria, na wasimamizi ni KWS, shirika la wanyamapori la serikali.

Halafu kuna A Rocha Kenya, wako Watamu tangu 1999, kituo chao kinaitwa Mwamba. Ni shirika la Kikristo na wanalisema wazi, lakini kazi yao ni ya kila mtu, Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hawa ndio walioanzisha mpango wa kuwalipia watoto wa shule wanaoishi kando ya msitu karo ya sekondari kwa pesa zinazotokana na utalii, ile njia ya mbao juu ya mikoko pale Mida inaingiza hela humo. Kwao utajifunza kuhesabu ndege, kuwakamata kwa wavu mwembamba na kuwavisha pete mguuni, kutembea mstari msituni asubuhi na kuandika kila sauti. Arabuko yenyewe ni kilomita za mraba 420 hivi, ndio kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki, na ndege wake wa kukaa hawana habari na kusi wala kaskazi. Kuna bundi mdogo wa Sokoke, kuna kwera wa Clarke ambaye duniani kote anapatikana kaunti yetu hii ya Kilifi tu. Watu wanapanda ndege kutoka Uingereza kuja kumtafuta na sisi tunapita pale Gede ndani ya matatu tunalala.

Palepale Gede penye magofu kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993. Wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi, wanauza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla hajawa kipepeo, zinasafirishwa nje kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Hapo si sayansi ya vipimo sana, ni ya watu na pesa: je, mtu akipata hela kwa msitu uliosimama ataacha kuukata? Mwanafunzi anayependa kuongea na akina mama kuliko kuloa maji aende hapo. Ukijua Kigiriama utafika mbali, usipojua utakaa kwenye benchi ukingojea mtu wa kukutafsiria.

Kati ya kasa na msitu, mimi ningeuliza unaamka vipi. Kasa ni usiku, unalala mchana, na kuna usiku mtatembea kilomita na kilomita msione hata alama moja. Msitu ni alfajiri, na unahitaji masikio na subira, wiki mbili za kwanza kila ndege ni ndege tu. Kwa namba za haraka, kasa. Kwa ujuzi wa kudumu utakaokufuata popote Kenya hii, ndege, kwa sababu ukishajua kuhesabu ndege vizuri hesabu zako zinaweza kuingia hata kwenye ramani ya ndege wa Kenya inayokusanywa na watu wa kawaida tangu 2013, na jina lako linabaki pale.

Kuhusu pesa, mashirika mengi ya pwani yana mpango wa wageni wanaolipa, na mwanafunzi wetu akiona bei ya dola anafunga ukurasa anakata tamaa. Usifunge. Hiyo mara nyingi ni ya mgeni anayekuja wiki mbili. Andika ujitambulishe ni mwanafunzi wa chuo fulani hapa Kenya unatafuta atachimenti, ambatanisha barua ya chuo na ya bima ya ajali, uliza masharti. Chakula na nauli huenda vikawa juu yako, na kwa anayeishi Malindi hilo si kubwa, matatu mpaka Gede halafu tuktuk ama boda kuingia Watamu, ila doria ya usiku inamaanisha utafute chumba hukohuko.

Lamu sasa. Hapa roho yangu ndipo ilipo, nikiri. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mida unaizunguka asubuhi moja na kila mti umeshapimwa na mwanafunzi fulani, nakuhakikishia ukiandika proposo ya mikoko ya Mida msimamizi wako atatoa nyengine sita kwenye droo. Lamu kuna vijito ambavyo ukiingia na mtumbwi unajiuliza kama kuna mtu wa chuo aliyewahi kufika. Na kuna watu wanaojua. Kenya ina aina tisa za mikoko, mwanafunzi anazikariri kwa Kilatini usiku wa mtihani, mkata miti wa Lamu anazitaja mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, na anakwambia huu haufai kwa dari, ule wadudu hawaugusi, huo maji yakipanda mara mbili kwa mwezi tu ndio unaupata. Na mti akiuangalia tu anajua ni fito, ni pau, ni boriti ama nguzo, yaani unene wa shina wewe unaoupima kwa utepe usawa wa kifua yeye anao machoni. Ukiweka vipimo vyako kando ya maneno yake hapo ndipo pana tasnifu. Marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwagusa hawa watu moja kwa moja, waulize wakupe hadithi yao, usiwaulize kama polisi.

Kazi yenyewe ni ya tope. Mnafunga kamba mita kumi kwa kumi, mnahesabu kila shina, mnapima, mnahesabu miche, mnahama. Siku mbili za kwanza utaona umekuja kufanywa mtumwa. Na ratiba si yako, ni ya maji. Kwetu huku siku za bamvua maji hutoka kabisa kwenye saa nne saa tano asubuhi, basi unaingia nayo yakitoka na unatoka kabla hayajarudi, ukichelewa unasubiri mtumbwi juu ya mizizi na mbu wanakula. Siku za maji mafu unaingiza data, unafua. Mwezi mmoja una siku nzuri chache kuliko unavyodhani, kwa hivyo wiki nane za Lamu si wiki nane, ni kama tatu.

Kitu cha pili cha Lamu hakiko kwenye tope, kiko mahakamani. Mtu anayesoma tathmini ya mazingira Kenya na hajasoma kesi za Lamu anasoma nini? Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari ya Lamu. Mwezi wa sita 2019 baraza linalosikiliza mashauri ya mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, hoja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hukumu ziko bure mtandaoni, ndefu, lakini ukizisoma ukiwa Lamu unaweza kutoka jioni ukakaa barazani na mzee aliyekuwa kwenye mikutano hiyo akakwambia nani alisimama akasema nini. Ofisini Malindi utaona faili, Lamu utaona faili lilivyopigwa mweleka.

Na taka. Jahazi la Flipflopi lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa na ndara kuukuu lilijengwa Lamu, likashushwa majini 2018, mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Anayetaka kusoma habari za taka ngumu Lamu ni maabara tosha, mji wa vichochoro usiopitika lori, punda ndio gari. Hilo nalitaja tu, mimi si mtu wa taka.

Ubaya wa Lamu niuseme bila kuficha. Ni mbali, basi kutoka Malindi mpaka Mokowe ni safari ndefu ukihesabu vizuizi vya polisi, halafu boti. Boti ya kwenda kwenye mikoko inakula mafuta na mafuta ni pesa, mwanafunzi peke yake hawezi, lazima aungane na watafiti ama kikundi cha BMU, wale wavuvi wanaosimamia ufuo wao, ambacho kinatoka hata hivyo. Kiunga kuna hifadhi ya bahari ya tangu 1979 na ni pazuri mno lakini ni karibu na mpaka wa Somalia, usiende kwa sababu umeona picha, uliza wenyeji na ofisi husika hali ikoje wiki hiyo. Na msimamizi wa chuo anatakiwa akutembelee, wa Lamu wengi watakupigia simu tu, sasa kama wewe ni mtu wa kusukumwa ndio ufanye kazi, Lamu utapata marafiki na rangi ya jua na hutapata data. Mamangu mdogo yeye swali lake lilikuwa moja, atalala kwa nani? Na ni swali la maana, Lamu mtoto wa kike akifika kwa kupitia familia inayojulikana kila mlango uko wazi, akifika na begi tu kutoka jetini mambo huwa mazito kidogo.

Laptopu nilikuwa naidharau, niseme kweli, mpaka nilipoketi na huyu binti usiku mmoja akanionyesha. Picha za Landsat zinaanzia 1972 na tangu 2008 ni bure. Sentinel-2 ya Ulaya inapita kila siku tano hivi, na inaona kitu cha mita kumi kwa kumi. Programu ya QGIS ni bure na ukishaipakua haitaki intaneti, hiyo kwa mtu wa bando la kubana ni neema. Mafunzo yapo, NASA wana ARSET ya kutumia picha za satelaiti, Umoja wa Mataifa wana UN CC:Learn ya tabianchi, FAO wana kozi zao, zote bila malipo na nyingi zinatoa cheti. Na tena sisi watu wa Malindi tuna haki ya kujivuna kidogo, Ngomeni hapo Waitaliano walikuwa wanarusha roketi zamani, satelaiti ya Uhuru iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Haikuwa ya mazingira, ilikuwa ya kutazama nyota, lakini najivuna hivyohivyo.

Mradi tuliouona wa kufaa ni tope la Sabaki. Mto ule unashuka kutoka kule juu Nairobi, ukileta udongo wa mashamba ya watu, na ukimwagika baharini unaonekana kwenye picha kama chai ya maziwa. Kusi ikivuma tope linasukumwa juu kuelekea ghuba ya Ungwana, kaskazi ikivuma linateremka upande wetu, kwenye matumbawe ya hifadhi ya Malindi. Mtu akichukua picha za miaka kumi, kila mwaka mwezi wa pili na mwezi wa saba, akachora mpaka wa tope kila mara, ana ramani ambayo wavuvi wa hapa wataielewa kwa kuitazama tu. Shida ni mawingu, masika katika picha tano, nne ni pamba tupu.

Lakini laptopu peke yake haitoshi na hapa sibadiliki. Picha inakwambia hapa ni kahawia, haikwambii ni tope ama ni mwani ama ni kivuli cha wingu, lazima mtu ashuke na ndoo achote maji. Tena intavyuu swali ni lilelile, umepima nini kwa mkono wako, na huwezi kujibu "kipanya".

Kwa hivyo nikimlinganishia kwa ufupi nilimwambia hivi. Kwa barua yenye uzito, ofisi. Kwa namba nyingi kwa muda mfupi na mtu wa kukufundisha kando yako, Watamu, tena kasa kwa miezi hii. Kwa kitu kipya ambacho hakijaandikwa, Lamu, ila uende ukiwa na swali lako tayari, na mwenyeji, na pesa ya boti, afadhali uiweke ya mradi wa mwaka wa nne kuliko atachimenti ya kwanza. Laptopu si nafasi ya nne, ni ya kubeba popote uendapo. Kama hakuna kitu kingine kabisa, ni mara mia kuliko kukaa nyumbani, lakini utafute angalau jumamosi moja kwa wiki uende Sabaki na ndoo yako. Na data yoyote utakayokusanya kwa ajili ya tasnifu ulizia chuoni mapema habari ya kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na ndani ya hifadhi ruhusa ya KWS, watu wamekataliwa ripoti kwa sababu ya karatasi.

Yeye kachagua Watamu, kwa kasa. Lamu hakuikataa, alimpigia yule mjomba wa rafikiye kumshukuru, mzee akamuuliza swali moja tu, mwanangu unajua kuogelea? Hajui. Akamwambia jifunze, mwakani njoo. Sasa jioni nampeleka pwani kwenye maji ya magoti anapiga miguu kama bata na watoto wa Shela ya hapa Malindi wanamcheka.

Anaondoka jumatatu. Nimempa tochi yangu ya kichwani, nimeifunga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye taa manake kasa hapendi mwanga mweupe, na nimemnunulia viatu vya plastiki vya kufunga na kamba. Alitaka kwenda na ndara. Nikamwambia tope la Mida linameza ndara, utarudi na moja.